Majina Tuliyopewa na Majirani

Tulimwita Mchina. Sijui nani alianza, labda watoto wa bombani, maana huku kambini watoto ndio huanza kila jina na sisi wakubwa tunafuata. Alikuwa muuguzi wa chanjo, mfupi, mwenye macho membamba na nywele nyeusi zilizonyooka, na alikuja kufanya kazi nasi miezi michache tu. Asubuhi foleni ikishajaa utasikia mama mmoja anamuuliza mwenzake: "Ule Muchina ameisha kuya?" Hakukuwa na ubaya ndani yake. Tulikuwa tunamtambulisha tu.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Siku moja alichoka. Akaweka kalamu chini akaniambia, "Mwalimu, naomba uwaambie hawa kina mama kwamba mimi si Mchina." Nikawaambia. Wakauliza, sasa ni wa wapi? Akasema India. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mhindi tunamjua! Mhindi ni yule wa duka la vitambaa Uvira, ni yule wa vipuri pale Kigoma mjini, na huyu hafanani nao hata kidogo. Basi akajaribu tena, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi Adi. Watu yangu, Adi."

Bibi mmoja aliyekuwa mbele, mjukuu mgongoni, akamtazama kwa huruma akamuuliza: "Hadi wapi?"

Tulicheka mpaka machozi, na yeye alicheka. Lakini jioni tukifunga masanduku ya chanjo aliniambia kwamba hata Delhi, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, watu humwita Mchina barabarani, na kule wanaposema hivyo hawachezi. Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia pole, kama tunavyosema kwa kila kitu.

Ukweli ni kwamba niliona aibu kwa sababu nyingine. Nilipoandikishwa mara ya kwanza, nikiwa na matope ya safari miguuni, karani wa siku ile aliniuliza lugha yangu. Nikasema Kibembe. Akatafuta kwenye orodha yake, hakukiona. Akaniambia nichague: Kiswahili au "Nyingine". Mimi ni mwalimu wa historia, nimesimama mbele ya ubao miaka kumi na mmoja kule Fizi. Sikutaka kuwa "Nyingine". Nikasema andika Kiswahili. Ndivyo ilivyo mpaka leo, na watoto wangu wote wamefuata karatasi ya baba yao. Kwa hiyo nilijua vizuri jinsi mtu anavyopotea kati ya swali na jibu, na bado nilikaa wiki sita namwita dada wa watu Mchina.

Nikamwomba anipe kitu cha kusoma juu ya watu wake. Alinitumia kwenye simu vitabu vitatu na makala kadhaa. Haya ninayoandika yametoka humo na katika maongezi yetu, na nayaandika kwa sababu naamini wengi hapa watajiona ndani yake.

Waadi wanaishi kaskazini-mashariki kabisa mwa India, katika jimbo la Arunachal Pradesh, kwenye milima inayopanda kuelekea Tibet. Katikati yao unapita mto wenye majina mengi kuliko mkimbizi aliyeandikishwa kambi tatu. Ukiwa Tibet unaitwa Yarlung Tsangpo. Ukigeuka na kuipasua milima kuingia India unaitwa Siang. Ukishuka kwenye tambarare za Assam na kukutana na wenzake unakuwa Brahmaputra. Maji ni yaleyale.

Watu wa mto huo nao waliitwa kila mmoja na jirani yake. Watu wa tambarare, Waassam, waliwaita wa milimani Abor. Maana yake ya karibu ni wasiotawaliwa, wasiolipa kodi kwa mtu. Ukilitamka kwa hasira linakuwa wakaidi, washenzi. Ndugu zao walioshuka zamani na kujenga kando ya Brahmaputra waliitwa Miri, ingawa wenyewe wanajiita Mising. Na wale waliobaki upande wa Tibet waliitwa Lhoba, yaani watu wa kusini. Mwaka 1965 serikali ya China ikalichukua jina hilo na kuliweka kwenye orodha yake rasmi ya makabila. Wabokar, kwa mfano, ambao kwa upande wa India wanahesabiwa pamoja na Waadi, wakiwa ng'ambo ni Walhoba. Mjomba ni kabila moja na mpwa wake ni kabila lingine, kwa kuwa mpaka umepita juu ya mlima.

Hapo nilicheka peke yangu. Sisi tuliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tunaijua hadithi hii. Babu zetu waliofika Ujiji zamani za misafara, awe Mbembe, awe Mgoma, awe Mbwari au Mkusu, wote walipewa jina moja: Wamanyema. Mwenyeji hakuwa na muda wa kuuliza kila mmoja. Na jina likashika, mpaka wajukuu wakalipenda na kulipigania. Sisemi ni vibaya. Nasema ndivyo majina ya watu yanavyotengenezwa, mara nyingi na mtu aliyesimama mlangoni na haraka zake.

Waingereza walipofika Assam hawakuuliza jina upya. Walichukua lile la Waassam wakalichapa kwenye ramani: Milima ya Abor. Kitabu kimojawapo kati ya vile nilivyotumiwa ni kamusi iliyotoka mwaka 1907. Mwandishi wake ni mmisionari J. Herbert Lorrain, ambaye na mwenzake Savidge walikwisha kuwaandikia Wamizo herufi za Kilatini, kisha wakakaa miaka michache Sadiya, mji ulio chini ya milima hiyo. Kamusi inaitwa ya lugha ya "Abor-Miri". Yaani lugha nzima imepewa jina la kuungwa kwa kistari, na pande zote mbili za kistari ni majina ambayo wenye lugha hawakujipa. Lakini ndani, kazi yenyewe ni ya uvumilivu mkubwa. Nilikaa nayo usiku, simu ikiwa na asilimia tisa ya chaji, nikitafuta maneno. Maji ni asi. Jua ni donyi, mwezi ni polo. Maneno, usemi, lugha, vyote ni agom. Yeyote aliyewahi kujaribu kuandika neno la kwao ambalo halijawahi kuandikwa atamheshimu Lorrain, hata akikasirishwa na jalada.

Miaka minne baada ya kamusi ikaja vita, na mimi naona mwanzo wa vita ile unafaa kusomwa na kila mkalimani.

Machi 1911 ofisa wa Kiingereza aitwaye Noel Williamson alipanda mto Siang pamoja na daktari wa mashamba ya chai, Gregorson, na kundi la wapagazi na watumishi. Njiani baadhi ya wapagazi waliugua. Williamson akamrudisha chini mjumbe mmoja, Mmiri, akiwa na wagonjwa na barua. Bahasha zilikuwa nyeupe, zenye ukingo mweusi na muhuri wa nta nyekundu. Masimulizi ya Waingereza wenyewe yanasema mjumbe yule alipopumzika kijijini alianza kujigamba kwa wenyeji kuhusu alichobeba: huu weupe ni mzungu, huu weusi ni askari wake, na huu wekundu ni hasira ya serikali. Mwaka uliotangulia Mfalme Edward wa Saba alikuwa amefariki, na kwa Waingereza ukingo mweusi kwenye barua ulikuwa alama ya msiba. Lakini pale kijijini hakukuwa na mtu wa kusoma kilichomo ndani. Walisoma rangi.

Mjumbe aliuawa. Gregorson, aliyekuwa nyuma, akauawa. Na tarehe 31 Machi, katika kijiji cha Komsing, Williamson naye akauawa, na wengi waliofuatana naye. Aliyekuwa mbele katika kumuua ni Matmur Jamoh wa kijiji cha Yagrung, na Waadi wanasema hakuhitaji barua yoyote: Williamson alikwisha kumdhalilisha kabla. Mimi naamini yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu aliyetukanwa husoma muhuri mwekundu tofauti na mtu ambaye hajatukanwa.

Jibu la serikali lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Jenerali Hamilton Bower alipanda na vikosi vya Wagurkha, na mizigo ikabebwa na maelfu ya wapagazi wa Kinaga, nao ni watu wa milima mingine, wasio na ugomvi wowote na Waadi. (Hapa wazee wetu watakumbuka waliyosimuliwa juu ya wapagazi wa vita ya 1914 huku kwetu. Mzigo wa vita ya mtu hubebwa siku zote na mtu wa tatu.) Waadi walipigana kwa mishale yenye sumu, vizuizi vya magogo na mawe ya kuporomosha mlimani. Desemba kijiji cha Kebang kikatekwa. Vijiji vikachomwa, watu wakashtakiwa, na Matmur Jamoh akapelekwa gerezani katika visiwa vya Andaman, katikati ya bahari. Mtu wa milimani ambaye huenda hakuwahi kuiona bahari. Hakurudi kwao tena.

Kwenye vitabu vya Kiingereza vita hiyo ni Msafara wa Abor. Waadi wanaiita Poju Mimak, na mimak ni vita. Mmoja anaita msafara, mwingine anaita vita. Nilimwambia Dada kwamba nikirudi kufundisha nitaanza somo na hayo maneno mawili, na darasa lijadili mpaka kengele.

Pale Komsing, Waingereza waliweka jiwe la kumbukumbu ya Williamson. Matmur Jamoh hakuwekewa jiwe na waliomhukumu. Yeye alibaki mdomoni mwa watu, na hapo ndipo nilipofika kwenye jambo lililonigusa kuliko yote.

Katika milima ile kuna hadithi, inasimuliwa na makabila mengi, kwamba zamani binadamu wote walipewa maandishi. Watu wa tambarare waliyapata juu ya kitu cha kudumu. Watu wa milimani waliandikiwa juu ya ngozi ya mnyama, na njaa ilipobana wakaichemsha wakaila. Ndiyo maana, wanasema, maneno yetu yako tumboni. Ni hadithi ya kuchekesha lakini usiidharau. Mtu aliyewahi kuuza kadi yake ya chakula anaielewa.

Na hayo yaliyo tumboni yana utaratibu wake. Waadi wana utenzi mrefu unaoitwa abang, unaosimulia tangu dunia ilipoumbwa. Anayeuimba anaitwa miri, neno hilohilo ambalo Waassam walilitumia kuwaita watu wa tambarare, ila hapa ni cheo cha heshima. Huuimba usiku kucha, vijana wakiitikia na kucheza ponung. Tena hauimbwi kwa lugha ya kila siku. Upo usemi wa peke yake wa nyimbo hizo, wenye maneno ambayo kijana wa mjini hayajui, kama vile kijana wetu asivyojua maneno ya wazee wa tohara. Zamani wavulana walilala pamoja katika nyumba kubwa ya kijiji, moshup, na humo ndimo walimosikia mambo haya. Leo wanalala bwenini shuleni.

Sasa sikiliza namna wanavyoshika orodha ya mababu. Jina la mtoto huanza na silabi ya mwisho ya jina la baba yake. Kwa kwetu ingekuwa hivi: Musa anamzaa Salumu, Salumu anamzaa Mubaraka, Mubaraka anamzaa Kasimu. Ukishika mkia wa jina moja unapata kichwa cha linalofuata. Huwezi kuruka mtu, ukiruka mnyororo unakatika na kila mtu amesikia. Hata asili ya dunia inahesabiwa hivyo: Sedi, ambaye ni ardhi, kutoka kwake Diling, kisha Litung, Tuye, Yepe, na Pedong, mama ambaye kwake walitoka wanadamu na mapepo. Dada aliyasema haya majina kwa mfululizo, haraka, akigonga meza kwa kidole, halafu akaendelea na ya ukoo wake mpaka kwa babu yake, bila kusimama. Nilihesabu, nikapoteza hesabu. Hakuwa na karatasi mkononi.

Mimi nimekaa mbele ya maofisa wengi nikiulizwa nithibitishe mimi ni nani. Nimetoa kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo cha kulowa maji, barua ya mwenyekiti wa mtaa ambaye hata hayupo hai. Nilimtazama yule muuguzi nikawaza: huyu hata wakimnyang'anya begi lake lote hawezi kuwa bila kitambulisho.

Lakini tusimpambe sana. Alikiri mwenyewe kwamba mdogo wake hawezi. Yeye alifundishwa na bibi kwa sababu alikuwa mtoto mgonjwa aliyebaki nyumbani. Leo vijana wa Pasighat, mji ulioanzishwa na Waingereza mwaka huohuo wa 1911, wanaongea Kihindi wao kwa wao, hata wakiwa wote Waadi. Jimbo lina lugha nyingi mno, na Kihindi ndicho kinachowakutanisha sokoni, kama Kiswahili kinavyotukutanisha sisi. Kabla ya hapo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule zao zilifundisha kwa Kiassam. Ndiyo maana Lummer Dai, mwandishi Mwadi wa riwaya, aliandika kwa Kiassam, na Mamang Dai, mwandishi wao anayejulikana zaidi leo, anaandika kwa Kiingereza. Sitamlaumu yeyote. Mimi Mbembe naandika haya kwa Kiswahili, na nikiyaandika kwa Kibembe gazeti letu litapata wasomaji wanne, mmoja akiwa shangazi yangu asiyejua kusoma.

Sasa turudi kwenye jina. Mwaka 1948, baada ya uhuru wa India, serikali mpya iliunda wilaya iliyoitwa bado Milima ya Abor. Wenyewe walikuwa wanalikataa jina hilo, wanataka Adi, ambalo kwa lugha yao ni mlima, watu wa mlimani. Mwaka 1954 wilaya ikabadilishwa jina ikafuata mto, Siang. Adi likaenea vitabuni na midomoni. Lakini kwenye orodha rasmi ya makabila, ile ambayo mtoto huitegemea kupata nafasi shuleni na kazini, Abor lilibaki, limeandikwa namba moja, na Adi nalo limeandikwa chini yake kana kwamba ni watu wawili tofauti. Likafutwa mwaka 2021, kwa sheria ya bunge. Tangu Adi kuanza kutumiwa mpaka Abor kufutwa ni muda wa mtu kuzaliwa, kuoa, na kuzika wazazi. Dada alisema siku ile baba yake alimpigia simu kumwambia, "Abor amekufa", na yeye alishtuka akidhani ni jirani.

Tena usidhani jina zuri linamaliza maneno. Adi ni mwavuli. Chini yake wamo Waminyong, Wapadam, Wapasi, Washimong, Wakarko, Wabori na wengine, na wasemao lugha hiyo walihesabiwa karibu 250,000 katika sensa ya 2011. (Wamising wa tambarare ni zaidi ya mara mbili yao.) Wagalo zamani nao walihesabiwa humo, lakini walisema hapana, sisi ni Wagalo, na leo wanajitegemea. Wamilang wako vijiji vitatu tu; wanahesabiwa Waadi, lakini lugha yao ni tofauti kiasi kwamba mtu wa kijiji cha pili haisikii, na kidogo kidogo wanahamia Kipadam. Na wapo Watangam. Kitabu juu yao kilitolewa mwaka 2020 na chuo kikuu cha jimbo, na hesabu yake ya wasemaji ilikuwa 253. Watu 253! Ni foleni moja ya maharage na mafuta siku ya Jumanne. Mtangam anaongea Kishimong na jirani, Kihindi na serikali, na lugha yake na mama yake.

Kwa hiyo mwavuli uleule unaomkinga Mwadi mbele ya Delhi unaweza kumfunika Mtangam asionekane. Nimewauliza Wabwari na Wagoma wa hapa kambini wanajisikiaje tukiwaita wote Wabembe. Sitaandika walichonijibu, gazeti hili ni la familia.

Wenyewe hawakukaa bure. Kuna chama cha lugha, Adi Agom Kebang. Kebang ni baraza la kijiji, pale wazee wanapokaa na kesi huzungumzwa mpaka iishe, siku mbili, siku tatu. Wameichukua hiyo kebang wakaiweka kwenye lugha. Wanaandika kwa herufi za Kilatini, na baadhi ya shule zinafundisha Kiadi kama somo la lugha ya tatu. Upande wa dini, Talom Rukbo alianza miaka ya 1980 kukusanya sala za Donyi-Polo, imani ya jua na mwezi, zikachapwa vitabuni ili zisomwe kwa pamoja. Wapo wanaosema zikichapwa zinakufa, kwa kuwa miri hatabadilisha tena neno. Wapo wanaosema zisipochapwa zinakufa zaidi. Mimi nimekaa na hoja hizo mbili na bado sijui nisimame wapi, ila naona wa pili wana haraka, na sisi tunaishi katika haraka.

Jambo la mwisho sikulipata vitabuni, alinieleza siku ya kuaga, na baadaye nikalisoma kwenye habari. Serikali ya India inataka kujenga bwawa la umeme kwenye Siang, la megawati 11,000, kubwa kuliko yote nchini mwao. China, juu ya mto huohuo, ilianza kujenga la kwake kubwa zaidi mwezi Julai 2025. India inasema bwawa lake litaukinga mto dhidi ya la China, maji yasije yakafungiwa au kufunguliwa ghafla. Wanavijiji wa kando ya mto wanasema mashamba yao ya mpunga, makaburi na nyumba vitakuwa chini ya maji. Desemba 2024 askari walipelekwa ili upimaji uweze kufanyika, na Mei 2025 watu wakatoka tena kuupinga. Wanauita mto Ane Siang. Ane ni mama.

Wapo Waadi wanaolitaka bwawa, kwa ajili ya barabara na fidia, na ni haki niseme hivyo. Lakini yeye kijiji cha mama yake kiko chini, karibu na maji. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei: "Mwalimu, nyie mlipoondoka, mlichukua nini kwanza?"

Nikamwambia ukweli. Sufuria, na redio. Redio iliharibika ndani ya mtumbwi.

Aliondoka wiki hiyo. Jumamosi iliyofuata nilinunua vocha nikampigia shangazi yangu kule Baraka. Nikamwomba anitajie baba wa babu yangu, na baba yake, na baba yake tena, kadiri anavyojua. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna kesi ya shamba?" Nikasema hapana, mama, hakuna kesi. "Sasa unataka kumrithi nani?" Ilichukua nusu ya vocha kumweleza. Alipoamini akaanza kutaja, polepole, akirudi nyuma, akijisahihisha, huyu si baba ni kaka yake, ngoja. Kijana wangu wa pili alikuwa karibu akifanya hesabu. Nikamwambia aandike nyuma ya daftari ninavyotamka.

Tulipata majina saba kabla mtandao haujakatika. Jina la tano lina sauti ambayo haimo kwenye Kiswahili, na yeye amezaliwa hapa. Alinitazama na kalamu mkononi akauliza, "Papa, hii naiandika kwa herufi gani?"

Nikamwambia aandike anavyoisikia.